Kosa la Namba 217

Saa mbili na robo asubuhi, mtunza kumbukumbu wa hospitali, ambaye wote walimwita Bi Faili, alifungua kabati akakuta bahasha ina gundi juu ya gundi. Mtu alikuwa ameifungua na kuibandika tena.

Ndani mlikuwa na orodha ya wagonjwa mia nne: nani alipata kiharusi, nani hakupata. Saa nane mchana orodha hiyo ingeamua kati ya modeli mbili za kutabiri kiharusi. Ya daktari ilikaa kwenye kompyuta. Ya muuguzi mkuu ilikuwa maswali manne kwenye karatasi. Itakayoshinda ingetumika kliniki zote, na waliozitunga hawakutakiwa kuona majibu kabla.

"Ufunguo wa akiba wa kabati anao muuguzi," mkurugenzi alisema. "Asipojieleza, leo hii kazi hana."

"Unaning'inia nyuma ya mlango wa wodi," muuguzi alijibu. "Kila mtu anajua."

Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko. Bi Faili alitoa mafaili yote mia nne akaanza kuyalinganisha na orodha, moja baada ya jingine. Subira ya mama yule ingetosha kuchambua mchele wa jeshi zima. Saa sita na nusu alifika namba 217. Palikuwa na kosa, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Saa nane matokeo yalisomwa. Muuguzi alikuwa amewatambua wagonjwa 31 kati ya 40 waliopata kiharusi. Daktari aliwatambua wote, akapigiwa makofi.

"Hongera, daktari," Bi Faili alisema. "Namba 217 ulimpa hatari kiasi gani?"

"Asilimia tisini na saba. Na kweli alipata."

"Hakupata. Ana miaka ishirini na mitatu, presha haijui. Nimempigia simu, anatoka mazoezini. Aliyepata ni baba yake, namba 218, mwenye presha ya mia mbili, ambaye modeli yako inasema yuko salama. Majina yao yanafanana, nami nikawachanganya. Miaka thelathini nimejisifu sikosei. Leo nakiri mbele yenu. Lakini modeli hukisia ugonjwa, mwanangu. Haikisii makosa ya kalamu yangu, ila kama imeonyeshwa orodha."

Kumwokoa muuguzi, mama yule alikuwa ameitoa sadaka sifa yake yote. Daktari alikaa chini.

"Miaka mitatu nimeijenga," alisema. "Niliogopa kushindwa na karatasi. Jana mchana nilichukua ufunguo, nikanakili majibu, nikayaingiza kwenye modeli. Sikungoja hata kuona yangu ingepata ngapi."

Mkurugenzi aliamuru modeli ya wiki iliyopita, kabla ya wizi, ipimwe kwa orodha iliyosahihishwa. Muuguzi alipata 32. Modeli ya daktari, bila kuguswa, ilipata 35.

"Ungenishinda kihalali," muuguzi alimwambia taratibu, "na mimi ningekuwa wa kwanza kukupa mkono."