Kijumba Kilichokwama

Saa kumi na moja jioni, saba ilikuwa imegeuka sita tena. Hakimu, kama walivyomwita nyumbani binti huyu wa darasa la saba, aliandika kipimo cha mvua cha shule, milimita kumi na saba, akakihifadhi. Alipokifungua, kioo cha kompyuta kilionyesha kumi na sita.

"Kifutio!"

Mdogo wake alibandikwa jina hilo siku alipofuta picha za harusi ya mjomba.

"Sijagusa, dada. Nilikuwa navua viatu."

"Saa nzima? Kwani wewe jongoo?"

Mama alikuwa akikunja sare yake ya uuguzi. "Kama ni yeye, hataigusa kompyuta likizo yote. Ila nataka ushahidi, sitaki kelele."

Mjomba, mwalimu wa kompyuta chuoni, aliwahi kuwaeleza kwamba kumbukumbu ya kompyuta ni vijumba vingi mno, kila kimoja kikishika moja au sifuri. Kijumba kibovu hurudisha kisichowekwa, na namba iliyohifadhiwa humo hubadilika. Hakimu akaandika programu fupi: jaza sifuri kila kijumba, soma upya, taja kilichobadilika. Programu ikamaliza bila kutaja kitu.

"Mashine ni nzima, mama. Mkosaji ni huyu."

Kifutio alikazia kioo macho. "Umejaza sifuri tupu?"

"Ndiyo."

"Na kama kijumba kimekwama kwenye sifuri, utakijuaje? Dada, unapima kama ndoo inavuja, na maji hujatia!"

Hakimu aliisoma programu yake upya. Angeweza kuzima mashine, na kesi ingeishia hapo. Badala yake alifuta sifuri kwenye programu, akaweka moja, akaiendesha upya.

Kijumba kimoja kilirudisha sifuri. Akarudia. Kilekile.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

"Mwanangu," mama alisema, "hukupima ili ujue, ulipima ili ushinde. Kipimo cha haki ni kile kinachoweza kukuambia kwamba aliyekosea ni wewe."

Kesho yake mjomba alileta kadi nyingine ya kumbukumbu, akaitia mahali pa ile mbovu. Kifutio ndiye aliyeendesha programu, kwanza kwa sifuri, kisha kwa moja. Haikutaja kijumba chochote. Hakimu akaandika kumi na saba, akahifadhi, akafungua.

Kioo kilionyesha kumi na saba.