Fulana Nyekundu ya Sabra

"Mama Halima, nakuomba usiifungue hiyo fulana. Nisubiri nifike."

"Nisubiri nini, Majaliwa?"

Kuitwa Majaliwa badala ya Baba Halima kulimwonyesha mwanaume kwamba maji yamezidi unga. Yeye alikuwa Tunduru kwenye korosho. Sabra alikuwa Majengo, Songea, akifunga mizigo, maana Ijumaa walikuwa wanahamia nyumba yao wenyewe baada ya kupanga miaka yote. Chini kabisa ya sanduku la mumewe alikuwa ameikuta fulana nyekundu, ndogo, ya kike, bado imo kwenye nailoni.

"Ya nani?"

"Ni amana. Nilimwahidi mzee mmoja."

"Mzee gani anavaa fulana ya kike?"

Akakata simu. Alimpenda yule mwanaume, ndiyo maana iliuma. Akazitoa nguo zake kwenye maboksi, akazitia kwenye begi la kwenda kwa baba yake, Namtumbo. Meseji ikaingia: "Nakupenda wewe tu. Nitakueleza nikifika." Akasonya. Wote hueleza wakifika.

Akampigia baba yake, Mzee Abdulhamid.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia?"

"Narudi nyumbani, baba. Majaliwa ana mwanamke. Nimekuta fulana yake."

"Nyekundu?"

Sabra akakaa juu ya boksi la vyombo.

"Umejuaje?"

Mzee akakohoa kwanza. "Unalikumbuka lile gari la promosheni ya gemu, tulipokuwa tunakaa hapo Songea? Nilikutuma mafuta ya taa."

Angesahauje? Wavulana walijazana mbele ya skrini, yeye akashika pedi ya kuchezea na kuwashinda wote mbio za magari. Kabla hajapewa zawadi akaiona kofia ya baba yake, akatimua mbio, hata chupa ya mafuta akaiacha. Kwa Mzee Abdulhamid, gemu ilikuwa kamari.

"Chupa uliileta wewe," Sabra alisema taratibu. "Ukasema nimeisahau dukani."

"Nilisimama nyuma yako tangu mwanzo. Nilikuja kukuvuta sikio, lakini ulivyokuwa unawapita wale vijana, nikasahau kilichonileta. Kijana wa promosheni akanikabidhi zawadi yako. Ningeingia nayo vipi nyumbani, mimi niliyeutangazia mtaa mzima kwamba gemu ni haramu? Nikamwambia, mtunzie, umpe siku akiingia kwenye nyumba yake mwenyewe."

"Na huyo kijana..."

"Ndipo alipopajua kwetu. Akawa haishi kuja kunisalimia, mwisho nikakuoza kwake."

Sabra akacheka huku machozi yanamtoka.

"Ahsante, baba."

"Mshukuru mumeo. Leo umemshuku, na bado hajaivunja ahadi yangu."

Akairudisha fulana sandukuni bila kuigusa nailoni, kisha akaandika: "Nisamehe, Baba Halima. Sijaifungua. Nataka unipe mwenyewe, mlangoni. Ila ujue hainiingii tena."

Jibu likaja: "Hata ikiishia shingoni, utaivaa."

Na kweli iliishia shingoni. Ijumaa baada ya swala, mbele ya majirani waliokuja kubeba makochi, Sabra alisimama mlangoni pa nyumba yake, fulana inaning'inia kifuani kwa maandishi meupe: BINGWA WA SONGEA.

"Bingwa wa nini tena?" jirani mmoja akauliza.

Sabra akamtazama baba yake, aliyekuja kutoka Namtumbo. Mzee Abdulhamid akaivua kofia, akaivaa tena.

"Wa gemu," akasema, kwa sauti ya kusikika barabarani. "Nilimwona kwa macho yangu."