Wachezaji Waliorudi Mkutanoni

Nyumbani kwa Okwara, kule Mundika katika kaunti ya Busia, watu huamshwa na tezo, si jogoo. Okwara ni fundi wa ngoma. Kwa tezo hilo huchonga magogo ya mti wa mukomari, huyawamba ngozi, kisha huyajaribu kwa vidole mpaka majirani waanze kutikisa mabega. Mkewe, Nerima, ndiye kiongozi wa kikundi cha wachezaji. Sauti yake inajulikana hadi Malaba.

Lakini mwaka huu tezo lilinyamaza. Miti ya mukomari imekatwa kwa mbao na makaa. Okwara alivuka mpaka kutafuta magogo upande wa Uganda, akarudi mikono mitupu. Akaanza kusema kwamba atauza vifaa vyake atafute kazi ya bodaboda. Nerima aliumia moyoni. Ngoma walizonazo zikipasuka na fundi ameacha kazi, kikundi kitacheza kwa makofi tu.

Siku moja kikundi kilialikwa Busibwabo kufungua mkutano wa kaunti. Okwara alipiga ngoma, nao wakacheza wakaloa jasho. Wakubwa walishangilia na kupiga picha. Kisha, kama kawaida, wachezaji wakachukua soda zao wakaelekea langoni. Hiyo ndiyo desturi yao. Walikuwa wamefungua mikutano mingi na hawajausikiliza hata mmoja.

Langoni walikutana na Fazila, fundi cherehani wa Busia mjini anayewashonea nguo za kuchezea. Alikuwa amechelewa, anahema.

"Mama Nerima, mnaenda wapi?"

"Tumemaliza kazi. Hii ingine sasa ni ya wakubwa."

Fazila alicheka mpaka akashika kiuno. "Wakubwa gani? Leo wanaongea mambo yenu. Kaunti inaandika mpango wa sanaa na utamaduni, wa miaka kumi. Bajeti ya kila mwaka itafuata huo mpango. Kitu yako ikikosa humo, usingoje pesa yake."

Akawaeleza kwamba mkutano huo ni wa wananchi. Kila mtu ana haki ya kusema. Asiyejua kuandika husema kwa mdomo, hata kwa lugha ya nyumbani, na karani huandika. Wachezaji walitazamana. Wakarudi ndani, soda mkononi.

Bwana Omuse, afisa wa utamaduni, alikuwa akisoma rasimu, yaani mpango ambao bado haujapitishwa. Kutajengwa jukwaa. Vijana watapata studio ya kurekodi nyimbo. Kutakuwa na tamasha la pamoja na majirani wa ng'ambo ya mpaka. Yalikuwa mambo matamu kweli. Nerima alisikiliza mpaka mwisho, akainua mkono. Okwara alimvuta nguo taratibu. Mkono haukushuka.

"Asante, boss. Jukwaa ni nzuri. Lakini sijasikia mti. Mtu atapanda hiyo jukwaa apige nini? Mukomari imeisha. Mzee yangu hapa anataka kuacha kazi."

Omuse akaweka karatasi chini.

"Kweli, mama, hiyo hatukufikiria. Unataka tuandike nini?"

Hapo Okwara mwenyewe akasimama. Alieleza kwamba mukomari huchukua miaka mingi kukua, kwa hivyo mpango mrefu ndio mahali pake. Kila wadi ipande. Na kwa sasa, miti inayokatwa kupisha barabara ipelekwe kwa mafundi kwanza, isichomwe makaa. Karani aliandika yote.

Wakitoka, Fazila aliwaonya. "Kusema ni nusu. Mpango ukisomwa tena, mrudi muangalie kama iko ndani."

Walirudi. Yote mawili yalikuwa ndani. Nerima alimwomba Omuse asome tena, kwa furaha tu. Mpango ukapitishwa. Mvua iliponyesha, kikundi kilipanda miche Mundika huku kikiimba, na Okwara akaletewa magogo kutoka kando ya barabara. Tezo likaanza kuwaamsha watu tena, na hakuna jirani aliyelalamika.

Juzi kikundi kilialikwa kufungua mkutano mwingine, Malaba. Mshereheshaji aliwaita mbele. Nerima akatabasamu.

"Leo tutacheza mwisho," alisema. "Kwanza tusikie mmepanga nini."

Wachezaji wakaketi mstari wa mbele, njuga miguuni. Na kila aliyesimama kuuliza swali, njuga zake zilitangulia kusema.