Nyusi za Mheshimiwa

Manase hakuwa mtu wa kutulia. Chai alikunywa amesimama. Mkate alikula akitembea. Watu wa kijiji cha Makauli walisema hata akilala, miguu yake inaendelea na safari.

Alhamisi ile alikwenda shambani, jembe begani. Shamba lilikuwa la baba yake, mzee Fatai, aliyefariki mwaka jana. Mama alitangulia zamani. Manase ndiye mtoto wao wa pekee. Basi alijua kila kitu pale ni chake: viazi vikuu vyake, magimbi yake, hata magugu yake. Na magugu yalikuwa mengi.

Alimkuta binamu yake Laulotu anapima ardhi kwa kamba.

"We Laulotu, umepoteza nini humo?"

"Sijapoteza. Nimepata. Hapa nitapanda maboga ya kuuza Japani."

"Kwenye shamba la nani?"

"Langu. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Mheshimiwa. Nikamwambia shamba la mjomba limejaa magugu, naliomba. Akanyanyua nyusi."

Manase aliangusha jembe. Karibu ajikate kidole cha mguu.

Mheshimiwa ndiye bwana mkubwa wa eneo lote la Makauli, kama babu zake walivyokuwa. Na huku visiwani Tonga, mtu akinyanyua nyusi, amesema ndiyo.

"Hata mimi alininyanyulia," Manase alisema. "Baada ya mazishi nilimpelekea viazi vikuu na mzizi wa kava, wa kutengenezea kinywaji cha heshima. Nikamwambia nitalitunza shamba la baba. Akanyanyua nyusi zote mbili."

"Kwangu pia zilikuwa mbili."

"Zilipanda sana?"

"Mpaka kwenye nywele."

Walitazamana. Laulotu akaanza kukunja kamba yake polepole.

"Lakini mimi ni mtoto wa dada yake mzee Fatai," alisema. "Kwa mila, cha mjomba ni changu. Nilichukua shati lake, hakuniuliza. Nilichukua nguruwe wake, alicheka."

"Shamba si shati, Laulotu."

Manase hakusubiri jibu. Alirudi kijijini mbiombio. Kama si shamba lile, angekula nini? Angeoa kwa kitu gani? Angezikwa akiitwa mtu wa wapi?

Alimkuta Vika, afisa wa kijiji, akimfukuza nguruwe kwenye uwanja wa kanisa. Wanakijiji walimchagua Vika kwa kura. Manase alimpigia kura mwingine, na Vika alijua.

"Dada Vika, nina shida."

"Shika huo upande kwanza. Nguruwe huyu hana adabu, kama aliyemfuga."

Walimtoa nguruwe. Manase akaeleza, huku akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mwezi wa tisa nilipiga filimbi kuita mkutano wa kijiji," Vika alisema. "Kila mtu mzima anatakiwa aje. Wewe ulituma salamu kwamba jino linauma."

"Liliuma kweli."

"Jioni tukakuona unatafuna muwa. Siku hiyo nilieleza habari za urithi wa mashamba. Nani amekuandika kuwa mrithi wa shamba?"

"Mheshimiwa alinyanyua nyusi."

"Nyusi haziandikwi kwenye daftari, Manase."

"Basi namwandikia Mfalme. Ardhi yote ya Tonga ni yake. Nipe kalamu."

"Kumwandikia unaweza, katiba inakupa haki hiyo. Lakini Mfalme hakai na daftari la mashamba mapajani. Serikali inaendeshwa na Waziri Mkuu na mawaziri wake. Daftari liko kwa Waziri wa Ardhi."

"Basi nimpigie simu mbunge wetu. Kura yangu aliipata."

"Mbunge anatunga sheria pamoja na wenzake. Hawezi kuingia wizarani akaandika jina lako."

"Afisa wa wilaya je?"

"Anasimamia vijiji kadhaa. Kimbunga kikija, ndiye anayepokea taarifa zetu. Hagawi urithi."

"Na wewe?"

"Mimi nafukuza nguruwe," Vika alisema. "Pia nitakuandikia barua, kwamba nakujua wewe ni mtoto wa Fatai."

"Sasa Mheshimiwa kazi yake nini?"

"Eneo ni lake. Anayeomba shamba jipya hupitia kwake kwanza, halafu wizarani. Mrithi haombi. Mrithi anadai, na anadai wizarani, ndani ya miezi kumi na miwili tangu mwenye shamba afariki. Muda ukipita, shamba linarudi kwa Mheshimiwa. Hapo anaweza kukubali apewe Laulotu, au mtu yeyote. Mzee alifariki tarehe ngapi?"

"Kumi na sita, mwezi wa pili."

Vika alihesabu kwa vidole. "Leo ni kumi na mbili, mwezi huohuo."

Manase akakaa chini, kwenye nyasi. Vika hakuwahi kumwona amekaa.

"Inuka," alisema. "Kesho ni Ijumaa. Jumamosi ofisi imefungwa. Jumapili nchi nzima imefungwa. Jumatatu ndiyo mwisho, na ikikosekana karatasi moja, huna siku ya kurudi. Nenda kesho. Unahitaji hati ya kifo cha baba, hati yako ya kuzaliwa, na hati ya ndoa ya wazazi wako."

Mbili Manase alikuwa nazo. Ya tatu ilikuwa kwenye sanduku la shangazi Sulieti, chini ya mikeka yake. Na shangazi Sulieti ndiye mama yake Laulotu.

Tonga hakuna anayefungua sanduku la shangazi. Dada wa baba ni mkubwa kuliko baba mwenyewe. Manase alifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, kama Watonga wavaavyo mbele ya wakubwa, akaenda, akakaa chini karibu na mlango. Goti lake lilitikisika.

"Tuliza hilo goti, nyumba itaanguka," shangazi alisema. "Najua ulichofuata. Laulotu amekwisha kuniambia."

"Shangazi, naomba hati ya ndoa ya baba na mama."

"Laulotu ni mwanangu. Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Mnataka nijikate mkono upi?"

Manase alitaka kusimama. Akajizuia.

"Shangazi, ukininyima karatasi, Laulotu hapati shamba. Linarudi kwa Mheshimiwa, na mimi na Laulotu tunapanga foleni na watu wengine. Unajua wangapi wamenyanyuliwa nyusi mwaka huu?"

Shangazi alifikiri. "Mwezi jana hata muuza samaki alinyanyuliwa," alisema taratibu. "Na huyo si mtu wa hapa."

Alifungua sanduku, akatoa mikeka mmoja mmoja, akamkabidhi bahasha. Akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia.

"Kaka yangu alilima pale miaka thelathini," alisema. "Usiniletee aibu."

Ijumaa Manase alipanda basi la kwanza kwenda mji mkuu, Nuku'alofa. Wizarani alisimama kwenye foleni, akisimamia mguu huu, mara ule, mpaka mama mmoja akamwuliza kama anatafuta choo. Karani alisoma hati moja, akasoma ya pili. Ya tatu aliisoma mara mbili, na Manase akatulia tuli. Kisha karani akamwapisha, akampa fomu atie sahihi, akagonga muhuri.

"Umewahi," alisema. "Wengine huja mwezi wa kumi na tatu, wakilia."

Wiki kadhaa baadaye jina la Manase liliandikwa kwenye daftari la mashamba. Laulotu naye alichukua fomu ya kuomba shamba lake mwenyewe. Safari hii alimwomba Mheshimiwa atie sahihi, na Mheshimiwa akatia, tena kwa furaha. Lakini jibu la wizara lilikuwa bado, na msimu wa maboga hausubiri mtu.

"Panda upande wangu wa mashariki," Manase alimwambia. "Msimu mmoja. Ukivuna, unaniachia."

"Nashukuru, binamu. Niandikie."

"Neno langu halikutoshi?"

"Neno lako ni zuri sana," Laulotu alisema, akichomoa kalamu mfukoni. "Anza na tarehe."