Dakika Arobaini za Nokomis

Watu wa Minneapolis husifiwa kwa upole, lakini wanaowasifu hawajawaona kwenye ufukwe wa Ziwa Nokomis Jumamosi ya kwanza ya joto. Baridi imewafungia ndani miezi sita, na sasa kila mtu anataka maji, kivuli na nafasi ya kutandika taulo, vyote kwa mpigo. Siku hiyo watoto walikuwa wakipiga kelele, moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda, na kwenye foleni ya waogeleaji wa masafa marefu alisimama Toua Vang, fundi wa kusaga vioo vya miwani, umri miaka thelathini na mitatu, akitetemeka kwa woga juani.

"Kaka," sauti ya kike ikamwambia kutoka nyuma, "hilo boya hufungwa mgongoni. Hapo mbele umekuwa mjamzito."

Toua akageuka. Mwanamke alikuwa mrefu, mabega mapana, vazi la kuogelea la kijani lililopauka kwa jua, pua imepakwa dawa ya jua mpaka imekuwa nyeupe.

"Miezi mingapi?" Toua akauliza.

"Saba hivi. Nani baba?"

"Sijui. Nilikutana naye bwawani."

Mwanamke akacheka, akamshika kiuno bila kuomba ruhusa na kulizungusha boya mpaka nyuma. Jina lake Berit Lund. Mwaka mzima aliendesha basi la shule, na kiangazi chote, shule zikifungwa, aliishi majini. Akamwonyesha ubao mbele ya meza ya waokoaji, uliojaa vibao vya namba.

"Ukiingia unatundika kibao chako. Ukitoka unakitoa, kwa mkono wako mwenyewe. Hata mimi siruhusiwi kukutolea. Kibao kikibaki, maana yake uko chini."

"Chini wapi?"

"Chini, mpenzi," Berit akasema, na hilo neno la mwisho lilimtoka kwa utani tu, lakini Toua alilibeba mpaka nyumbani.

Basi wakaanza kuogelea pamoja, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kutoka ufukwe mkubwa mpaka ule wa mashariki na kurudi. Toua alikuwa amejifunza kuogelea kwa siri wakati wa baridi, katika bwawa la ndani lenye harufu ya dawa, akihesabu vigae. Hakuwa amejua kwamba ziwa ni kitu kingine. Juu maji yalikuwa vuguvugu, na ukishusha miguu kidogo ulikuta baridi imejificha pale pale chini yako. Majani ya ziwani yalimpapasa tumbo. Alipogeuza uso kuvuta pumzi aliona ndege inashuka kwenda uwanjani, kisha mkono wa Berit unapanda na kushuka, kisha ukimya wa kijani tena. Katikati ya ziwa walikumbatia maboya yao na kupiga soga, miguu ikining'inia, mji mzima umebaki kwenye kingo. Toua alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata akiwa amevaa viatu.

"Midomo imekuwa ya buluu," Berit alimwambia siku moja. "Njoo niipashe moto."

"Mwokoaji anatuangalia."

"Aangalie. Analipwa kwa kazi hiyo."

Kufikia Julai walikuwa wapenzi waliokamilika. Toua alimpigia simu kila alfajiri kabla ya kazi kumwambia joto la maji, na Berit alijibu kwa usingizi, "Na wewe una joto gani?" Kila kitu walikuwa nacho, isipokuwa kimoja: nyumbani kwa Toua, Berit hakuwepo duniani.

Sababu ilikuwa mama yake. Bi Mai Yer, Mhmong wa milima ya Laos, alivuka Mto Mekong kukimbilia Thailand usiku mmoja wa vita akiwa na watoto wawili, akafika ng'ambo akiwa hana hata mmoja. Watoto aliowazaa baadaye Marekani hawakuruhusiwa hata kuchezea mabwawa ya plastiki. Nyumba yake ilikuwa mitaa minane kutoka ziwani na hakuwahi kuliendea. Toua alikuwa akisema anakwenda mazoezini, jambo ambalo halikuwa uongo, na alijipongeza kwa hilo.

Jumamosi moja ya Agosti, katikati ya ziwa, Berit aliegemeza kidevu juu ya boya lake.

"Jumamosi ijayo dada yako anaolewa."

"Ndiyo."

"Nimenunua gauni. La buluu, lina mikono. Nimeuliza watu, wakasema mikono ni heshima."

Toua alilikumbatia boya lake. Maji yalimpiga shingoni taratibu.

"Hunipeleki," Berit akasema.

"Nikikupeleka ataniuliza tulikutana wapi."

"Mwambie dukani."

"Siwezi kumdanganya mama yangu."

"Kwani unafanya nini tangu Juni, bwana wee? Unamwimbia?" Berit alivuta miwani yake ya kuogelea machoni. "Mimi si bangi, Toua. Usinifiche mfukoni." Akageuka, akaanza kuogelea kurudi, mikono ikikata maji kwa hasira.

Wangeweza kumaliza pale. Lakini Toua naye alikuwa na kichwa chake. Akajiambia, basi, na aningoje kidogo. Akaelekea upande wa mashariki, akatoka majini huko, akakaa kwenye nyasi, mtu mzima anayenuna kama mtoto. Familia moja ya Wahmong, watu wa kabila lake, ilikuwa ikichoma soseji jirani, na mzee wao alipomwona akamwita, "Mtoto wa nani wewe? Njoo ule." Wakataja koo, wakagundua wana shangazi mmoja. Akala, akaongea, jua likamkausha mgongo. Kati ya soseji ya kwanza na ya pili alikikumbuka kibao chake ubaoni. Alikikumbuka waziwazi. Akaona bora Berit akitazame kidogo, moyo umlainike.

Akarudi kwa miguu kwa njia ya kuzunguka ziwa, boya kwapani, akitafuna. Kwa mbali aliona watu wote wametolewa majini. Akadhani ni radi. Kisha akaona mstari wa watu, ishirini au zaidi, wameshikana mikono ndani ya maji yaliyowafika kifuani, wanatembea polepole wakipapasa chini kwa nyayo. Toua alisikitika, akawaza, maskini, nani tena huyo.

Ndipo alipomwona mama yake. Alikuwa amesimama mchangani na kandambili za jikoni, maji yakigusa vidole vyake, dada yake Toua amemshika kwa mikono miwili. Fomu aliyojaza kujiunga na klabu ya waogeleaji ilikuwa na nafasi ya namba ya mtu wa kupigiwa jambo likitokea, na Toua alikuwa ameandika namba ya nyumbani, kwa kuwa hiyo ndiyo aliyoijua kwa kichwa.

Berit alikuwa wa tatu kwenye mstari. Aliinua macho, akamwona amesimama kwenye njia, mkavu, mdomo umejaa. Aliuachia mkono wa kushoto, akauachia wa kulia, akatoka majini, akampita karibu kiasi kwamba matone yake yalimdondokea mguuni, akaenda zake mpaka kwenye gari.

Mama yake hakumgombeza. Alimgusa nywele, akakuta zimekauka, akasema, "Twende nyumbani."

Siku tisa Berit hakupokea simu. Harusi ilipita, Toua akacheka kwenye picha kwa lazima. Siku ya kumi mama yake alimkuta jikoni.

"Yule mwanamke mrefu. Aliyekuwa majini."

"Ni rafiki, Mama."

"Rafiki hatafuti vile. Alikuwa anazama kichwa na macho wazi, anapanda, anazama tena. Walimwambia apumzike, akawatukana. Sikuelewa maneno, lakini tusi najua." Mama akafuta meza iliyokwishafutwa. "Wale wangu wawili hakuna aliyewatafuta. Hata mimi. Niliendelea kuvuka. Mlete Jumapili, nimpikie."

Toua alisimama pale asiamini masikio yake. Mlango aliodhani umefungwa maisha yote ulikuwa wazi. Alitoka nje na kupiga simu, na safari hii Berit akapokea.

"Mama anataka uje kula."

"Njoo ziwani kwanza. Nina swali moja."

Walikaa kwenye benchi juu ya ufukwe, saa kumi jioni, jua kali bado. Berit alikuwa amevaa jinzi na shati la mikono mirefu. Toua hakuwa amewahi kumwona na nguo nyingi kiasi kile pale.

"Huogelei?" akamuuliza.

"Niliingia juzi. Kila kitu kinachonigusa mguu ni wewe. Jani, wewe. Gogo, wewe." Alikuwa akitazama viganja vyake. "Nilikuzika mle, Toua. Dakika arobaini. Niliwaza nitavaa nini, nikasema lile la buluu. Sasa niambie. Kibao ulikisahau?"

Toua alijua jibu linalotakiwa. Lilikuwa neno moja, jepesi, na hakuna mtu duniani angeweza kulipinga. Alimtazama, akaona jinsi anavyolisubiri, jinsi alivyokwisha kuwa tayari kumsamehe.

"Nilikikumbuka," akasema. "Nilitaka uogope kidogo."

Berit aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Ungenidanganya," akasema.

"Ungependa hivyo?"

"Ndiyo. Ningependa sana." Akamshika shavu, akamwachia. "Nakupenda na sitakuja Jumapili. Msalimie mama. Mwambie nashukuru."

"Berit, nitafanya lolote."

"Najua, mpenzi. Hakuna la kufanya."

Alishuka kuelekea barabarani, hakupitia majini, na Toua hakumfuata kwa sababu aliona kabisa kwamba hapakuwa na kitu cha kumwambia akimfikia.

Jumapili Bi Mai Yer alichemsha kuku na mitishamba yake ya bustanini, akapika wali wa kunata, akatwanga pilipili pembeni, kidogo tu, kwa kumwogopea mgeni. Alipanga mabakuli matatu. Saa saba ikapita.

"Yuko njiani?"

"Haji, Mama."

"Anaumwa?"

"Hatakuja tena."

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Toua akamweleza. Ugomvi, ng'ambo, soseji, kibao. Hakuficha hata alichokiwaza kati ya soseji ya kwanza na ya pili. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Ulikumbuka kibao," akasema.

"Ndiyo."

"Ukamkumbuka yeye."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi? Ulikumbuka watampigia nani?"

Mvuke wa kuku ulikuwa ukipanda kati yao. Toua alitafuta pa kuweka macho, akakosa.

"Hapana," akasema.

Bi Mai Yer aliinuka. Alimpakulia wali, akamwekea paja la kuku juu yake, akamsogezea bakuli mpaka mkononi. Kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango taratibu.