Tundu Kwenye Uzio wa Miiba

Jumamosi, tarehe sita Aprili. Asubuhi hiyo manyunyu yalianguka kidogo, yakaacha, yakaanguka tena, kana kwamba mbingu haijaamua. Msichana mmoja wa darasa la sita naye alikuwa vivyo hivyo. Alifagia nusu ya uwanja, akaacha ufagio akaenda kuosha vyombo, akaacha vyombo akaenda kuchungulia barabarani. Mtaa mzima ulimwita Sisimizi, maana hakuna aliyewahi kumwona ametulia.

“Kaa chini upumue, mwanangu,” alisema mama yake bila kuinua macho kwenye cherehani. “Hizo pitapita zako zitanipindishia mshono.”

Lakini Sisimizi hakuweza kukaa. Alikuwa na jambo moyoni, nalo lilihusu kilima.

Nyuma ya nyumba zao kulikuwa na kilima ambacho zamani kilikuwa kipara. Mvua iliponyesha, tope lilishuka hadi vyumbani. Wakazi wakakutana, wakakubaliana kukipumzisha. Walipanda miche, wakakizungushia uzio wa miiba, na wakaweka sharti: mbuzi asiingie. Mwenye mbuzi angeruhusiwa kukata majani kwa mundu na kuyabeba nyumbani. Kilima ni cha wote, walisema. Ili mbuzi wasipenye, kwenye njia ya kuingilia walisimika nguzo zilizopishana, mtu apite kwa kujipinda ubavu. Kila mtu aliisifu kazi ile. Hakuna aliyekumbuka kiti cha magurudumu.

Kiti hicho kilikuwa cha mdogo wake Sisimizi. Watoto walimwita Bosi, kwa sababu hata akiwa amekaa ndiye aliyepanga nani awe golini na nani atolewe mchezoni. Tangu kilima kianze kuota majani, watoto walihamia huko, kwenye tambarare yenye upepo. Bosi alibaki nje ya nguzo akisikiliza vicheko. Sisimizi alimweleza mwenyekiti wa kamati ya kilima, ambaye alikuwa fundi wa baiskeli. Fundi akajibu kwamba wataliangalia. Baada ya hapo hakuna aliyeangalia kitu.

Basi Jumamosi hiyo Sisimizi alichukua panga, akazunguka upande wa nyuma wa kilima, akakata miiba hadi pakatosha kiti kupita. Kisha akarudi kumchukua mdogo wake.

“Fundi amekubali?” Bosi aliuliza.

“Amekubali.”

“Mbona basi tunapita uchochoroni kama wezi wa kuku?”

Sisimizi akasema ile ni njia ya mkato. Alisukuma haraka ili asiulizwe tena.

Kule juu Bosi aliona mapaa yote ya mtaa, akaona hata gauni lake limeanikwa kwenye kamba. Alicheka mpaka akakohoa. Aliwapanga watoto timu mbili, akampa mmoja kadi nyekundu ya jani. Sisimizi alimtazama, lakini furaha yake haikukaa. Kila mara aligeuka kutazama lile tundu. Walipoondoka, aliliziba kwa matawi aliyoyakata, akajiambia kuwa inatosha.

Haikutosha. Jumatatu, Sisimizi alipotoka shule, alikuta watu wamekusanyika kilimani. Matawi yamesukumwa kando, na miche ya upande wa nyuma imeliwa, imebaki vijiti. Katikati ya watu alisimama mwanamke mmoja mrefu, ambaye kwa sababu ya mifugo yake aliitwa Mama Mbuzi.

“Mbuzi wangu alikata kamba, hilo nakubali,” alisema. “Lakini mbuzi hana panga. Nani alimkatia njia?”

“Mbuzi hana panga,” kijana mmoja akamjibu, “ila mwenye mbuzi ana mundu.”

Watu wakacheka. Mama Mbuzi hakucheka. Wengine walisema wazi kwamba amechoka kubeba majani, ndiyo maana akatoboa uzio. Fundi akatangaza kuwa kamati itakutana kesho yake jioni kwenye karakana yake, na kama kosa ni la mama huyo, hataruhusiwa tena kukata majani kilimani. Kila mtu alijua maana yake. Hakukuwa na majani mahali pengine. Angelazimika kuwauza mbuzi, na wajukuu aliowalea kwa maziwa yao wangebaki na chai ya rangi.

Jioni hiyo chakula cha Sisimizi kilipoa sahanini. Sisimizi aliketi, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Kesho yake darasani mwalimu alimwita kwa jina lake la daftarini, naye hakusikia. Aliporudi nyumbani aliinamisha kichwa aombe, lakini kila alipofika penye neno la kuomba msamaha, alirudi mwanzo.

“Nini kinakuchoma?” mama yake aliuliza, na safari hii alisimamisha cherehani.

Sisimizi akamweleza yote, machozi yakimtoka. Mama hakumfokea. Alimfuta machozi, akasema, “Mungu amekwisha kusikia. Sasa nenda wakusikie na watu, kabla hawajamhukumu asiye na kosa. Mchukue na mdogo wako. Yeye naye ulimdanganya.”

Karakana ilikuwa imejaa. Watu walikaa juu ya matairi na makopo ya rangi. Fundi alikuwa amekwisha kufungua mkutano, na Mama Mbuzi alikuwa amekaa peke yake karibu na mlango, khanga imefunika mabega.

“Ni mimi,” Sisimizi alisema, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. “Mimi ndiye niliyekata uzio. Mama huyu hajui chochote. Nilitaka mdogo wangu afike juu.”

Mama Mbuzi alishusha pumzi ndefu. Fundi alifungua mdomo, lakini Bosi alimtangulia.

“Kumbe Fundi hakukubali?” Alimtazama dada yake, macho yamejaa maji. “Ulinipitisha kama mzigo wa magendo, dada. Mimi sikukuomba tundu. Nataka mlango.”

Fundi alivua kofia, akaifuta mikono yake yenye grisi kwa kitambaa, akaifuta tena.

“Mtoto huyu alinijia na neno la kweli, nikalitia mfukoni,” alisema. “Kosa hilo ni langu. Tulisema kilima ni cha wote, halafu tukaweka njia ya wenye kujipinda. Wengine wetu ni wajawazito, wengine wazee wa magongo. Tulipaswa kuwauliza. Lakini na wewe Sisimizi, sikiliza. Haki ikidaiwa kwa siri humdhulumu mwingine. Ulimfungulia mdogo wako njia, ukakaribia kumfungia mama huyu yake.”

Yule kijana aliyetaja mundu kilimani alisimama, akamwomba Mama Mbuzi radhi. Mama Mbuzi akasema atamsamehe siku atakapombebea majani mpaka zizini, na kicheko kikapita watu wote.

Jumamosi iliyofuata nguzo ziling’olewa. Fundi alitengeneza mlango mpana wa mbao, akafunga jiwe kwenye kamba ili mlango ujirudishe wenyewe mtu akishapita. Bosi ndiye aliyeujaribu. Komeo likawa juu mno, akaamuru lishushwe, nalo likashushwa. Akapita, jiwe likashuka, mlango ukajifunga nyuma yake, na mbuzi mmoja aliyekuwa akinyemelea akabaki nje akilalamika.

Upande wa nyuma Sisimizi na Mama Mbuzi waliziba tundu, wakapanda miche mipya. Walipomaliza, Fundi aliwaita wote, akasema aliyekosa na asimame aseme atakalofanya. Sisimizi alisimama kati ya mama yake, mdogo wake na majirani. Kwa mara ya kwanza miguu yake haikuhangaika.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote,” alisema, “naahidi kuimwagilia miche hii mpaka ishike. Na nikiona jambo haliko sawa, nitalisema kwa kinywa changu mchana kweupe, na nisiposikilizwa nitalisema tena. Sitalisema kwa panga.”