Ukuta Uliorambwa na Ng'ombe

Jumatatu, tarehe 14 Novemba 2005, saa moja asubuhi, ukuta wa magharibi wa boma kuukuu la Wajerumani, kando ya Ziwa Rukwa karibu na Ivuna, ulikutwa umeanguka. Chini yake alilala Emanueli, mtunzaji wa boma, akiwa hai lakini amevunjika mguu. Ukuta huo ulikuwa umekarabatiwa mwezi uliotangulia.

Saa nne, Inspekta Ferista alimkuta fundi Saidi, mwenyeji wa Tanga, amekwisha kutiwa pingu na mgambo.

"Uliiba chokaa, ukajengea mchanga?"

"Afande, chokaa yote imo ukutani. Mkinifunga, wanangu watakula nini?"

Aliyefuata kuhojiwa alikuwa Damiano, mchungaji aliyenyimwa malisho boma lilipozungushiwa uzio. Ng'ombe wake walikuwa wamejaa kwenye kifusi.

"Uliwaleta wausukume ukuta?"

"Ng'ombe wangu si katapila, afande! Tumeukuta chini. Nawafukuza, wanarudi kuramba."

Ferista aliokota kipande cha chokaa, akakigusisha ulimini. Kilikuwa na chumvi kali, nacho kilimomonyoka vidoleni. Akaonja ukuta wa pili: hauna chumvi, na ni mgumu.

"Saidi, maji ya kukorogea yalitoka wapi?"

"Alileta Bibi Tusekile, kwa ndoo."

"Hukuyaonja?"

"Kuta nyingine nilizijenga kabla ya mfungo, nikionja kila asubuhi. Huu niliujenga Ramadhani. Nionje maji mchana, nami nimefunga? Ya kutawadhia nilitoka nayo nilikopanga."

Saa nane Ferista na Saidi walimkuta Tusekile, mpika chumvi, akichuja maji ya chumvi jikoni kwake. Hakukana.

"Babu yangu alikataa kuwapa Wajerumani chumvi yake. Walimfungia katika chumba cha ukuta ule wa magharibi mpaka akafa. Leo mmekibandika kibao: 'Stoo'. Emanueli anakifagia chumba na kuwasomea wageni kibao hicho. Nilingoja fundi afunge Ramadhani, kisha nikawapa Wajerumani hiyo chumvi, ndani ya maji ya ukuta wao."

"Emanueli si Mjerumani, bibi."

"Mdomo wake ni wa kwao."

Saidi alisogea, pingu zikilia. "Na mimi, bibi? Ungeniacha nioze gerezani?"

Tusekile alimtazama kwa utulivu. "Babu yangu naye hakuwa na kosa, mwanangu."

Ferista alizifungua pingu mikononi mwa Saidi. Bibi alikwisha kunyoosha mikono yake.